Azumah Nelson au Ike Quartey? Mabondia wakubwa wa Accra na namna ya kuwapima

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Mimi nasema bondia mkubwa kuliko wote waliotoka Accra, Ghana, ni Azumah Nelson. Mwenzangu anasema Azumah anabebwa na jina tu, kwamba Ike Quartey alikuwa fundi zaidi na kwa Mmarekani Oscar De La Hoya aliporwa ushindi mchana kweupe. Mwingine kaja na D.K. Poison, mwingine na Nana Konadu. Tumalizie ubishi: nani wa kwanza, nani wanamfuata, na mtu anawapimaje mabondia wa uzito tofauti na miaka tofauti?

JIBU: Marahaba. Wa kwanza ni Azumah, na kutoka kwake hadi wa pili kuna nafasi kubwa kuliko mwenzako anavyodhani. Wa pili ni Quartey. Wa tatu ni Poison. Kuanzia wa nne ndipo mtu anaweza kubishana nami nikamsikiliza.

Kwanza tumtoe Konadu kwenye orodha. Si kwamba ni mdogo. Mwaka 1989 alikwenda Mexico City akamnyang'anya Gilberto Román mkanda wa WBC (WBC, WBA, WBO na IBF ni vyama vinavyotoa mikanda ya ubingwa wa dunia), na baadaye, kwenye uzito wa bantamu, akawa bingwa wa WBA mara mbili. Lakini Konadu ni mtu wa Sunyani, ndani kabisa ya nchi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mkisema Ghana, lazima awemo. Mkisema Accra, hayumo. Isaac Dogboe naye mnaweza kumweka kando: alibeba mkanda wa WBO wa kilo 55.3 mwaka 2018, ila ngumi alijifunzia London.

Tunapozungumzia Accra ya ngumi, tunazungumzia eneo dogo sana: pwani ya mji mkongwe, Ussher Town na James Town, na katikati yake Bukom, mtaa wa wavuvi wa Waga, kabila la wenyeji wa Accra. Ukiongeza Mamprobi na Chorkor upande wa magharibi, umemaliza karibu ramani yote. Kabla glovu hazijafika, Waga walikuwa na ngumi zao za asili, asafo atwele, ambapo vijana wa mtaa mmoja walipambana na wa mtaa mwingine. Glovu zilipokuja zikakuta watu wamekwisha zoea kupigana mbele ya umati unaowajua kwa majina. Leo gym ziko jirani kiasi cha kwenda kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Ya Attoh Quarshie ni maarufu mno. Ukitaka mtu wa kucheza naye raundi 4 za mazoezi, huhitaji kumpigia simu. Toka nje ya mlango. Bondia anayekulia hapo hukutana na mitindo mingi kabla hajapigana hata pambano moja la pesa, na ndiyo maana utaona mabondia wa Accra si rahisi kuwashangaza.

Sasa kipimo. Watu wengi huhesabu mikanda au kuangalia ushindi dhidi ya vipigo. Kwa Accra njia hiyo inadanganya. Mikanda imekuwa mingi tangu miaka ya 1980, kwa hiyo mkanda wa 1975 na wa 2008 si kitu kimoja. Rekodi nayo inaweza kujengwa nyumbani kwa kupiga watu wasiojulikana. Braimah Kamoko, yule anayeitwa Bukom Banku, ana jina kubwa mtaani kuliko mabingwa kadhaa wa dunia, na rekodi yake ndefu ya kutopigwa ilijengwa Ghana hadi Bastir Samir alipoivunja mwaka 2017 kwenye ukumbi mpya wa Bukom.

Mimi huuliza maswali matatu, kwa mpangilio huu. Alimpiga nani, na huyo mtu alikuwa katika hali gani siku hiyo? Alimpigia wapi? Na matokeo aliyaandika mwenyewe kwa ngumi, au aliwaachia majaji? Swali la tatu ndilo zito kwa watu wa Accra, kwa sababu mapambano yao makubwa karibu yote yalikuwa ugenini, kwenye mji wa mpinzani au kwenye tamasha la promota wa mpinzani. Ukienda huko raundi zinazokaribiana hupewi wewe. Hilo halihitaji njama. Kelele za ukumbi zinatosha kumfanya jaji aone ngumi ya mwenyeji imetua hata kama imegonga glovu.

Mpime Azumah kwa maswali hayo.

Julai 21, 1982, Madison Square Garden. Bingwa wa unyoya (kilo 57.1) ni Salvador Sánchez wa Mexico, mmoja wa mabondia bora kabisa waliowahi kupigana uzito huo. Mpinzani aliyepangwa, Mario Miranda, amejitoa. Anatafutwa mtu wa kujaza nafasi, anapatikana kijana wa Accra mwenye mapambano 13 tu ya kulipwa, aliyetimiza miaka 24 siku mbili kabla, na taarifa ya wiki mbili. Marekani hawamjui. Anakalishwa raundi ya 7, anasimama, anapigana mguu kwa mguu na Sánchez hadi raundi ya 15, ndipo refa anamaliza. Kumbuka hili: katika maisha yake yote ya ulingoni, hiyo ndiyo mara pekee Azumah alisimamishwa kabla ya kengele. Sánchez alikufa kwa ajali ya gari Agosti 12 mwaka huohuo, kwa hiyo marudio hayakuwezekana.

Desemba 8, 1984, San Juan, Puerto Rico. Wilfredo Gómez ndiye mwenye mkanda wa WBC, yuko kwao, uwanja ni wake. Azumah yuko nyuma kwenye kadi za majaji, yaani karatasi zao za alama. Raundi ya 11 anamwangusha Gómez kwa mvua ya ngumi za mikono yote miwili, na hesabu inafika 10. Tafadhali mwonyeshe mwenzako raundi hiyo. Mtu aliye nyuma ugenini ana njia moja tu ya kushinda, na Azumah aliiona na kuitumia. Mwaka uliofuata alikwenda Birmingham, Uingereza, kwa Pat Cowdell. Cowdell ni kipimo kizuri kwa sababu mwaka 1981 alimaliza raundi zote 15 na Sánchez na majaji wakagawanyika, wawili kwa Sánchez, mmoja kwa Cowdell. Kwa Azumah hakumaliza raundi ya kwanza.

Lakini kinachomweka juu ya wote ni marudio. Hapa tulia kidogo, kwa sababu ndipo ubishi wenu unapoishia.

Februari 29, 1988, Los Angeles, alipanda kilo 58.9 akapigania mkanda uliokuwa wazi dhidi ya Mario Martínez wa Mexico. Alianguka, na mwisho majaji wakampa ushindi kwa kura zilizogawanyika. Wengi waliokuwepo walisema Martínez kaonewa. Azumah akampa marudio mwaka 1989, akamsimamisha raundi ya 12.

Juni 28, 1991, Las Vegas, Jeff Fenech wa Australia. Fenech alimsukuma nyuma raundi 12, kadi zikatoka sare, na nakuambia wazi kwamba Fenech alishinda pambano lile. Azumah alisema aliingia akiwa na malaria. Inawezekana, lakini kadi hazina safu ya malaria. WBC wenyewe mwaka 2022 walirudi nyuma wakampa Fenech ushindi ule. Mwenzako akikutajia hilo, mkubalie haraka, halafu mpeleke Machi 1, 1992, Melbourne. Fenech nyumbani, uwanja umejaa Waaustralia, hajawahi kupigwa. Azumah ana miaka 33 na watu wameshamzika. Fenech alikwenda chini raundi ya kwanza, akaenda tena ya pili, na raundi ya 8 refa akasimamisha.

Angalia alichobadilisha. Katika pambano la kwanza Fenech aliingia akiwa ameinamisha kichwa, bega likiwa kifuani kwa Azumah, na Azumah akawa anarudi nyuma moja kwa moja hadi kwenye kamba. Ukirudi nyuma moja kwa moja mbele ya mtu wa aina hiyo, unampa vitu viwili: nafasi ya kukukaba, na picha nzuri kwa majaji. Melbourne hakurudi. Alisimama katikati, akapiga hatua fupi ya pembeni kila Fenech alipoanza kuinama, na ngumi ya kulia ikawa inamngoja njiani. Fenech alipigana vilevile kama mwanzo; aliyebadilika ni Azumah. Jina la "Profesa" alilipata kwa mambo ya namna hiyo.

Endelea kuhesabu. Gabriel Ruelas: ushindi mwembamba wa pointi mwaka 1993 mjini Mexico City, kisha Desemba 1995 California, Azumah akiwa na miaka 37, akamsimamisha raundi ya 5 na kurudisha mkanda. Hapa kuna dosari ya kusema ukweli. Ruelas alikuwa ametoka kwenye pambano la Mei 1995 ambalo mpinzani wake, Jimmy García, alifariki kutokana na majeraha, na hakuwa Ruelas yuleyule. Jesse James Leija: sare mwaka 1993 mjini kwao San Antonio, akapigwa kwa pointi 1994, kisha 1996 akamsimamisha raundi ya 6. Wapinzani wanne waliomletea shida mara ya kwanza, wote wanne hatimaye walisimamishwa kabla ya muda waliporudi kwake. Sijui bondia mwingine wa Afrika mwenye orodha ya namna hiyo.

Alishindwa wapi? Kwa Pernell Whitaker, Mei 1990, alipopanda kilo 61.2, na alishindwa wazi. Whitaker alikuwa wa mkono wa kushoto, mwepesi, mkubwa zaidi, na enzi zile karibu kila mtu alikosa shabaha kwake. Kwa Genaro Hernández mwaka 1997, akiwa na miaka 38, mbele ya mtu mrefu mwenye jebu ndefu (jebu ni ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele). Baada ya hapo ni Leija tena mwaka 1998, na pambano la 2008 na Fenech wakiwa wazee wote wawili, ambalo msilihesabu. Na kwa rekodi: alikulia Mamprobi, katika ukoo wa Tabom, wale waliorudi Accra kutoka Brazil karne ya 19. Ni mtu wa mji ule kwelikweli.

Sasa Ike "Bazooka" Quartey, maana najua hapa ndipo moto ulipo.

Kwa ufundi wa kitu kimoja, mwenzako yuko sahihi. Jebu ya Quartey ni bora kuliko jebu yoyote iliyotoka Accra, ya Azumah ikiwemo. Iangalie polepole. Anasimama mikono yote juu, glovu zikigusa mashavu, viwiko vimeziba mbavu. Ngumi ya kushoto inaondoka shavuni bila kiwiko kutoka nje kwanza, kwa hiyo mpinzani hapati dalili. Mguu wa mbele unatua wakati uleule ngumi inatua, na hapo uzito wa mwili mzima unapita kwenye mkono ambao mabondia wengi hutumia kupapasia tu. Halafu mkono unarudi palepale ulipotoka, haushuki kiunoni. Kwa kilo 66.6, hiyo si ngumi ya kupimia umbali. Ilikuwa inarudisha vichwa vya watu nyuma na kuvunja mwendo wao.

Juni 1994, jirani na Paris, aliitumia kumharibu Crisanto España, bingwa wa WBA aliyekuwa hajapigwa na mtu, na kumsimamisha raundi ya 11. Akatetea mkanda mara 7. Vince Phillips hakufika raundi ya 4 kwake, na mwaka uliofuata Phillips huyohuyo akamsimamisha bingwa wa dunia Kostya Tszyu. Oba Carr alimaliza raundi 12 akapoteza kwa pointi. Miaka ile, kati ya 1994 na 1997, hakukuwa na promota aliyempeleka bondia wake kwa Quartey kwa furaha.

Tatizo la ngao ile ya mikono juu ni kwamba inakulinda usiumie lakini haikupi pointi. Ukizuia ngumi 6 kwa glovu na kurudisha 1 safi, wewe unajua umeshinda mabadilishano yale. Jaji aliyekaa upande wa pili ameona mikono 6 ikienda na 1 ikirudi. Pia mabega yakikaa mraba, ngumi ya kuzungusha inapita nyuma ya glovu. José Luis López aliiona njia hiyo Oktoba 1997: Quartey alikalishwa mara mbili, raundi ya 2 na ya 11, akaokolewa na kazi ya jebu, ikawa sare.

Kisha kikaja kitu kilichomgharimu kuliko López: akakaa miezi 16 bila kupigana. WBA wakamvua mkanda. Alipopanda tena ulingoni, Februari 13, 1999, Las Vegas, mbele yake alikuwa Oscar De La Hoya. Hakuna sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, inayoweza kuziba miezi 16. Pumzi inaweza kurudi gym, ila akili ya raundi za mwisho, ile ya kujua pambano liko wapi na nini kinahitajika, hurudi kwa kupigana tu.

Aliporwa? Msibishane, kaeni chini mpige kadi wenyewe. Zimeni sauti, kwa sababu watangazaji wanatia maneno kichwani. Kila mtu na karatasi yake. Mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9. Akikalishwa kawaida ni 8. Andika mara kengele ikilia, usisubiri marudio ya picha, na usirudi kusahihisha. Raundi ya 6 itawachanganya: De La Hoya alimkalisha Quartey, kisha Quartey akamkalisha De La Hoya. Kuanguka kwa huyu kunafuta kwa yule, hivyo apate 10 yule aliyefanya kazi zaidi katika dakika zilizobaki. Mkifika raundi ya 12, simamisheni video kabla haijaanza na mjumlishe. Wengi wanaomwona Quartey ameporwa hapo huwa naye mbele au sawa. Halafu tazameni dakika 3 zinazofuata. De La Hoya alitoka kwenye kona kama mtu aliyeambiwa yuko nyuma, akamkalisha Quartey kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha, akamganda kwenye kamba kwa muda mrefu. Quartey hakuzimika, na ujasiri ule naustahi. Ila raundi hiyo ni 10 kwa 8 bila ubishi, na kadi zikatoka za kugawanyika kwa De La Hoya. Kwangu lilikuwa pambano la pointi 1 huku au huko, na aliyeamua kulimaliza kwa ngumi ndiye aliyelichukua.

Tofauti ya Quartey na Azumah ni hiyo hasa. Quartey alipigwa mara 4 katika mapambano 42: De La Hoya, Fernando Vargas, Vernon Forrest, Winky Wright. Zote kwa pointi, zote Marekani, na hakuwahi kusimamishwa maishani mwake. La Forrest mwaka 2006 mimi nampa Quartey bila kusita. Hata hivyo, mtu akishindwa kwa kadi ugenini mara nne, tatizo si majaji peke yao. Na hakuwahi kurudiana na De La Hoya wala López, kwa hiyo hatuna Melbourne yake. Hilo halikuwa chaguo lake peke yake, lakini tunapima kilichopigwa, hatupimi ambacho kingepigwa.

D.K. Poison, jina la nyumbani David Kotei, ni wa tatu, na wasiomjua humdharau kwa sababu ubingwa wake haukufika hata miezi 14. Turudi kwenye swali la kwanza: alimpiga nani? Septemba 20, 1975, ukumbi wa Forum, Inglewood, California, alimpiga Rubén Olivares raundi 15 kwa kura zilizogawanyika na kuwa Mghana wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Olivares alikuwa amemzima Bobby Chacon raundi ya 2 miezi mitatu kabla, kwenye ukumbi uleule, na mashabiki wa Kimexico wa Los Angeles waliuona ukumbi ule kama sebule yao. Kupata kadi mbili kati ya tatu pale, kwa pointi, bila kumwangusha mpinzani kwa hesabu ya 10, ni kazi ambayo Quartey hakuiweza na Azumah mara nyingi aliikwepa kwa kutumia nguvu. Alitetea Accra dhidi ya Flipper Uehara na Tokyo dhidi ya Shig Fukuyama, kisha Novemba 1976 akapoteza kwa Danny López, tena Accra, mbele ya watu wake. Mwaka huohuo aliikopesha serikali ya Acheampong, mtawala wa kijeshi wa Ghana, dola 45,000 kuagizia samaki wa makopo. Mji wa wavuvi, bondia anakopesha pesa ya samaki. Ghana hadi leo wanataniana kwa hilo.

Kabla ya Poison yuko Floyd Robertson, ambaye wazee wa Bukom watakuambia ndiye bingwa wa kwanza. Mei 9, 1964, Accra, alipigana na Sugar Ramos, Mcuba aliyeishi Mexico. Majaji waligawanyika wakampa Ramos. Mamlaka ya ngumi ya Ghana ikayabatilisha matokeo kwa faida ya Robertson, na vyombo vya dunia vikakataa kuyatambua mabadiliko hayo. Mimi namweka nje ya safu ya mabingwa. Alipopata nafasi nyingine mwaka 1966, Vicente Saldívar alimmaliza raundi ya 2 mjini Mexico City. Nyuma zaidi kuna Roy Ankrah, aliyechukua taji la unyoya la Dola ya Uingereza mjini London mwaka 1951, enzi ambayo Mwafrika kupewa hata nafasi hiyo ilikuwa vita. Ubingwa wa dunia hakuupata, ila njia ya kwenda Ulaya aliifungua yeye.

Msisahau ngumi za ridhaa. Clement Quartey, ambaye watu humchanganya na Bazooka kwa kuwa naye aliitwa Ike, alipata medali ya fedha Olimpiki ya Roma, Septemba 5, 1960. Samuel Takyi akaja na shaba kutoka Tokyo mwaka 2021, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Ghana tangu ile ya mpira wa miguu ya 1992.

Nafasi ya nne nampa Joseph "King Kong" Agbeko, bantamu, kilo 53.5. Alichukua mkanda wa IBF mwaka 2007, na Julai 2009 akampiga Vic Darchinyan, aliyekuwa ametoka kuunganisha mikanda mitatu kwenye uzito wa chini yake. Akapoteza kwa Yonnhy Perez, akarudi Desemba 2010 akamshinda. Agosti 2011 dhidi ya Abner Mares alipigwa chini ya mkanda wa kiuno mara kwa mara, refa akiangalia. Raundi ya 11 ngumi ya namna hiyo ikamwangusha na refa akahesabu. IBF wakaamuru marudio, na hayo Mares akayashinda kwa haki. Hapa neno kuporwa linafaa, tofauti na la De La Hoya: kuna kosa la wazi unaloweza kulionyesha kwa kidole kwenye skrini.

Wa tano ni Joshua Clottey. Ngao kama ya Quartey, kidevu cha chuma, na mkanda wa IBF wa kilo 66.6 alioupata 2008 kwa Zab Judah, pambano lililoamuliwa kwa kadi baada ya vichwa kugongana na Judah kuchanika. Kwa Miguel Cotto, Juni 2009, alikuwa na mtu aliyechanika vibaya na mwenye kuchoka, akapunguza kasi raundi za mwisho, akapoteza kwa kura zilizogawanyika. Machi 2010 akakutana na Manny Pacquiao. Mwalimu wake alinyimwa viza ya Marekani, kona ikaongozwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutibu majeraha. Hesabu ya ngumi zilizorushwa ilikuwa 1,231 kwa 399. Gawanya kwa raundi 12: Pacquiao zaidi ya 100 kwa raundi, Clottey 33. Hakuna jaji duniani anayeweza kumpa raundi mtu aliyerusha ngumi 33 mbele ya mwenzake aliyerusha zaidi ya 100, hata kama hakuumizwa. Mtu wa kona aliyemjua tangu Bukom angeweza kumfokea. Sisemi angeshinda.

Baada ya hapo kuna Richard Commey na Alfred Kotey, na mkiwabadilisha nafasi sitagomba. Kotey alichukua bantamu ya WBO mwaka 1994. Commey alipoteza kwa Robert Easter na kwa Denis Shafikov mwaka 2016, mara zote mbili kadi zikigawanyika, mara zote mbili ugenini. Kisha Februari 2019 akaacha kutegemea kadi, akammaliza Isa Chaniev raundi ya 2 na kuvaa mkanda wa IBF wa kilo 61.2. Akamzima Ray Beltrán raundi ya 8. Desemba ya mwaka huohuo Teófimo López akamkamata raundi ya 2 pale Madison Square Garden.

Kama mna jioni moja tu ya kutazama, anzeni na Fenech la kwanza na la pili mfululizo bila kupumzika katikati, halafu Quartey na España, mwisho De La Hoya na Quartey pamoja na zile karatasi. Mwenzako asipobadilisha mawazo, angalau akubali kukaa na kadi yake aliyoiandika mwenyewe.